Mwalimu Kantengwa na Mfalme Asiyefungua Mlango

Kabla hajawa mwalimu wa sekondari katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Kantengwa aliuza nyanya katika soko la pale, sokoni Base Camp, kwa miaka sita, na wanaomkumbuka wanasema hakuna aliyeuza nyanya namna ile. Wenzake walikaa nyuma ya mafungu yao wakisubiri riziki. Yeye alisimama. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na mteja akithubutu kusema nyanya zimelegea, alizitetea kwa hotuba nzima, kana kwamba ni mabinti zake wanaosingiziwa kanisani. Watu walijaa kusikiliza, na aliyesikiliza mpaka mwisho aliona haya kuondoka mikono mitupu.

Hawakujua kwamba ile ilikuwa kazi yake ya zamani iliyokosa pa kukaa. Kule Uvira, Kongo, kabla vita havijawang'oa, Kantengwa alifundisha tamthilia za kale kwa miaka kumi na moja: michezo ya Wagiriki wa zamani sana, ya wafalme na viapo na miungu wepesi wa kukasirika. Mapenzi hayo yalimwanza akiwa msichana wa bweni. Alipewa nafasi ya mjumbe, yule anayeingia mwishoni kuleta habari mbaya, kwa sababu mwalimu wake aliona sauti kama ile ikipewa malkia, hakuna atakayemhurumia malkia. Aliingia mara moja tu, akasema maneno yake kwa dakika nne, na akina mama wa mstari wa mbele wakalia. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Alipokimbia alikuja na watoto wawili na sufuria moja. Kitabu hakuwa nacho hata kimoja. Lakini mchezo mmoja alikuwa ameufundisha mara nyingi mno hata ukamkaa kichwani wote. Mwaka wake wa kwanza Nakivale, akiwa kwenye foleni ya maji, aliuandika upya kwa Kiswahili katika madaftari matatu, akiutoa kwenye Kifaransa cha kumbukumbu. Majirani walidhani anaandika barua ya kuomba kupelekwa Kanada. Wawili watatu walimwomba awaandikie na wao.

Mchezo wenyewe ni huu. Mfalme mmoja, mji wake ukiwa vitani, anaapa mbele ya miungu kwamba mlango wa mji hautafunguliwa kwa mtu yeyote mpaka vita viishe. Kumbe dada yake wa tumbo moja amebaki nje. Dada anakuja mlangoni kuomba, mara tano, na mara tano mfalme anakataa, kwa kuwa kiapo ni kiapo. Dada anafia pale pale mlangoni. Ndipo mlango unapofunguliwa ili mwili uchukuliwe, na nyuma ya mwili anaingia mjumbe aliyekuwa akibisha siku tatu bila kusikilizwa. Habari aliyokuja nayo ni kwamba vita vimekwisha. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mfalme yule lilikuwa gumu kuliko mengi.

Mwaka jana shule moja ya sekondari pale kwenye makazi ilitafuta mtu wa kufundisha Kiswahili, na Kantengwa akaziaga nyanya. Aliajiriwa kwa majaribio. Baada ya mwezi mmoja tu alimwomba mkuu wa shule kipindi cha Alhamisi alasiri, saa tisa, awafundishe Sinia ya Tatu, yaani kidato cha tatu, tamthilia ya kale kwa kuicheza, wasiisome tu wakiwa wamekaa. Mkuu wa shule alikuwa Munyankore mpole, mwenyeji wa eneo lile, aliyesomea hesabu, na aliamini kwamba kitu kisichoweza kuandikwa ubaoni hakipo. Alimpa kipindi, akampa na sharti.

"Madamu, mimi napenda wewe," alimwambia. "Lakini hiyo maneno ya mfalme nasaidia mtoto na nini kwa mtihani? Mwezi wa saba kuna tamasha ya shule kule Mbarara. Nyinyi nakwenda. Kama iko mzuri, Alhamisi nabaki yako. Kama narudi na aibu, Alhamisi nakuwa ya hesabu, na mimi hapana na kazi ingine ya kupa wewe."

Kantengwa alielewa vizuri. Mambo yakiharibika Mbarara, amemwaga unga, na kule sokoni mahali pake pameshachukuliwa na mtu wa vitunguu.

Alianza kwa furaha, akaishiwa furaha ndani ya wiki tatu. Alichora mstari wa majivu katikati ya darasa, akasema huu ndio mlango wa mji, wa huku waombe, wa huku wakatae. Nafasi ya mfalme alimpa Ngoga, kijana mtulivu wa miaka kumi na sita anayeishi na shangazi yake katika kijiji cha Rubondo. Dada wa mfalme akawa Teta, msichana mwembamba mwenye macho makubwa, ambaye akikasirika husema polepole zaidi. Wote wawili walikuwa na akili nzuri, na wote wawili walikuwa wabovu kupita kiasi. Teta aliomba kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Ngoga alisoma maneno ya mfalme kwa sauti ile ile ya karani anayeita majina siku ya mgao wa chakula. Kantengwa akasema yawekeni madaftari chini, ombeni na kukataa kwa maneno yenu wenyewe. Teta akasema, "Fungua." Ngoga akasema, "Hapana." Darasa zima likatazama saa. Zilikuwa zimepita sekunde nne.

Kilichomwokoa Kantengwa ni harusi. Jumamosi moja alialikwa siku ya kuomba mke katika ukoo mmoja wa watu wa kwao, watu wa milimani, wafugaji. Anayezijua siku hizo anajua kwamba bwana harusi na bibi harusi hawana kazi yoyote pale. Kazi ni ya wasemaji wawili, mmoja wa upande unaoomba, mmoja wa upande unaoombwa, nao hupambana kwa maneno saa nzima, saa mbili, mmoja akiomba, mwingine akikataa, watu wakitikisa vichwa kwa utamu. Siku hiyo upande wa binti ulikuwa umemweka mzee Rwakabuba. Alikuwa mzee wa kanisa, mfupi, mwenye kofia ya pama na fimbo ndefu kumzidi, na kwa kukataa hakuwa na mpinzani katika makazi yote. Alikataa kwa kuwasifu wageni. Alikataa kwa kuwauliza habari za mvua. Alishukuru kwa kila walicholeta, kisha akashangaa kwamba wametembea mbali hivyo kuja kwenye nyumba isiyo na binti hata mmoja. Msemaji wa upande wa pili alikuwa anatokwa jasho. Mwishowe, kama ilivyo kila siku, Rwakabuba alilegea, maziwa yakaletwa, watu wakapiga vigelegele.

Kantengwa hakuyaonja maziwa yale. Alikuwa amesimama na kikombe mkononi, akimtazama mzee kama mtu aliyemwona ng'ombe wake aliyepotea kwenye zizi la jirani. Yule pale alikuwa mfalme wa mchezo wake.

Jumatatu alikwenda nyumbani kwa Rwakabuba. Mzee alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ni kitu kisichowezekana.

"Mama Cyiza," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "mimi niko muzee wa kanisa. Kuigiza ni kusema uongo mbele ya batu."

"Muzee, juzi ulisimama mbele ya batu mia mbili, ukasema mu ile nyumba hamuna binti. Na binti alikuwa mu chumba, banamusuka nywele."

"Ile haiko uongo. Ile ni heshima."

"Basi na hii ni heshima, ya Bagiriki."

Rwakabuba aliikuna ardhi kwa ncha ya fimbo. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini nyoka huyu alitaka kwanza kujua habari za ukoo.

"Ule mufalme, jamaa yake ni gani?"

Kantengwa alimtajia baba wa mfalme, na babu, na babu wa babu. Mzee alitaka na wa nne. Kitabuni hayumo wa nne, kwa hiyo Kantengwa alimtunga pale pale, akampa na ng'ombe.

"Na ule dada ni wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Sasa juu ya nini anamukatalia?"

"Aliapa kwa miungu yake."

"Miungu ya bure," alisema Rwakabuba kwa dharau. Alifikiri kidogo. "Lakini kiapo ni kiapo. Nitakuja niangalie tu."

Alikuja Alhamisi ile kuangalia tu, na kwa dakika kumi aliangalia. Teta akasema fungua, Ngoga akasema hapana. Mzee akainuka akiwa kama amechomwa na mwiba.

"Wewe mutoto," alimwambia Ngoga, "'hapana' ni neno ya batoto. Mukubwa akikatala anaanza na kushukuru. Mushukuru kwanza ule dada, amekuja mbali. Muulize ngombe zake. Musifu baba yake, si njo baba yako? Akisha kufurahi, njo umufungie mulango."

Ngoga akajaribu. Akamshukuru Teta kwa kutembea juani. Akamuuliza kama ng'ombe wamepata majani. Akamwambia hakuna siku aliyoacha kumkumbuka, na ndiyo maana inamuuma kwamba mlango huu hauna ufunguo. Darasa likaacha kutazama saa. Teta, ambaye hakuwa amefundishwa chochote bado, alikasirika kweli, na alipokasirika akaanza kusema polepole, neno moja moja, kwamba yeye hakumbuki mlango usio na ufunguo kwenye nyumba waliyozaliwa. Kantengwa alikuwa amesimama karibu na dirisha. Miaka saba alikuwa hajamsikia mfalme yule akiongea, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti ya mtoto wa Rubondo, na alikuwa anatisha.

Kuanzia hapo Alhamisi ikawa sikukuu. Mzee alikuja kila wiki na masharti yake. Usimwangalie usoni unayemkatalia, mwangalie begani. Ukiulizwa neno zito, kaa kimya mpaka wenye haraka wakohoe. Akawafundisha na jambo la fimbo. Mazungumzo yakikwama kabisa, alisema, mzee wa upande ule ule unaokataa anaweza kuinuka, akailaza fimbo yake chini mbele ya msemaji wake mwenyewe, na kumsihi alegee. Fimbo ikiwa chini, hakuna wa kuendelea. Msemaji akilegea, anaivuka. Asipolegea, anaiokota kwa mikono miwili na kumrudishia mzee akiwa amepiga magoti. Katika maisha yake yote Rwakabuba hakuwahi kuona fimbo ikirudishwa, lakini sheria ilikuwepo.

Ngoga alinogewa. Shangazi yake alimlalamikia Kantengwa sokoni kwamba mtoto haendi tena kuchota maji bila kwanza kumshukuru kwa kumtuma, kumsifu marehemu babu yake, na kueleza kwa huzuni kubwa kwa nini dumu halitajaa leo.

Lile kundi la wazee wa mji, ambalo katika tamthilia za kale husimama kando likiimba na kuomboleza, Kantengwa alilitoa kwenye kwaya za makanisa. Nusu walikuwa Wamethodisti, nusu Wapentekoste, na waligombania sauti ya pili wiki mbili nzima. Hao walifanya mazoezi Jumamosi, pamoja na sehemu yote ya mwisho, kifo na mjumbe. Jumamosi mzee Rwakabuba huwa kwenye harusi za watu. Kwa hiyo katika miezi yote minne aliona mabishano tu, yale ya mara tano mlangoni, na hakuna mtu aliyefikiria kumweleza yanaishaje. Wala yeye hakuuliza. Kwa nini aulize? Mazungumzo ya namna hiyo huisha kwa maziwa.

Siku ya tamasha walikwenda Mbarara kwa gari la shule, mkuu wa shule mbele na tai shingoni, wanafunzi nyuma na magunia ya mavazi, na mzee Rwakabuba kwenye kiti kizuri akiwa amevaa koti la harusini. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, tamasha lilikubali michezo ya Kiswahili. Ukumbi ulijaa wanafunzi wa shule kubwa za mjini wenye soksi zinazofanana. Ngoga alivaa shuka la zambarau la shangazi yake. Teta alipoona wasichana wa shule moja wakishuka na taji za bati linalong'aa, alimwuliza Kantengwa kama wanaweza kurudi nyumbani tu. Kantengwa alimshukuru kwa wazo hilo zuri, akamwuliza habari za mama yake, kisha akamsukuma jukwaani.

Walianza vizuri. Kwaya ya wazee wa mji iliingia kwa sauti nne, ikiyumba kidogo kama kanisani, na ukumbi uliokuwa unapiga gumzo ukatulia. Ombi la kwanza likaja, la pili, la tatu. Watu wa Mbarara nao wana siku zao za kutoa binti na wasemaji wao, na hawakuhitaji kuelezwa kitu. Ngoga aliposhukuru, walicheka kwa kutambua. Alipouliza habari za ng'ombe, mzee mmoja wa kamati aligonga meza. Na alipomaliza kwa kukataa, kicheko kilikatika. Kantengwa, nyuma ya pazia, alimchungulia mkuu wa shule. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi, na simu yake iko mfukoni.

Ombi la tano, Teta hakuomba tena kwa maneno mengi. Alisema ana kiu, akakaa chini. Mfalme akamtazama begani, akakaa kimya mpaka wenye haraka wakakohoa, kisha akasema mlango hautafunguliwa. Teta akalala chini taratibu, shavu kwenye mbao.

Hapo ndipo kiti cha mstari wa mbele kilipolia, na mzee Rwakabuba akasimama.

Kantengwa alidhani anatafuta mahali pa kujisaidia. Lakini mzee hakwenda mlangoni. Alivua kofia, akatembea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akailaza fimbo yake kwenye mbao mbele ya miguu ya Ngoga.

"Mufalme," alisema, na ukumbi mzima ulimsikia, "mimi ni muzee wa upande yako. Ni mimi nilikufundisha kukatala. Inatosha sasa. Huyu ni dada yako, na anakufa. Mufungulie."

Kitumbua cha Kantengwa kimeingia mchanga, na mchanga wenyewe ameuleta yeye kwa gari la shule. Aliziona Alhamisi zake zote zikigeuka kuwa hesabu. Alitaka kumkimbilia mzee amshike mkono, lakini akabaki ameshika pazia. Wale kumi na wawili wa kwaya walimgeukia Ngoga. Teta, aliyekuwa amekufa au karibu, alifungua jicho moja.

Ngoga aliitazama fimbo. Ni kijana asiye na baba, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumpa muda kama aliompa mzee huyu. Ukimya ulirefuka mpaka hata waliotaka kukohoa wakasahau. Angeivuka fimbo mchezo ungekuwa umeisha, na sidhani kama kuna mtu mle ndani angemlaumu, pengine wangempigia makofi.

Aliinama. Aliiokota kwa mikono miwili. Akashuka ngazi za jukwaa na shuka lake la zambarau likiburuzika, akapiga magoti sakafuni mbele ya mzee, akamwinulia fimbo.

"Nakushukuru, mzee wangu," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Umetoka mbali kwa ajili yangu. Umenisemesha kama baba. Lakini niliapa."

Rwakabuba hakuipokea mara moja. Alipoipokea, alirudi kwenye kiti chake akaketi kama mtu aliyepigwa. Kwaya ilianza maombolezo bila kuongozwa, nusu sauti juu ya mahali pake, na hivyo ndivyo ilivyokuwa nzuri. Mlango ukafunguliwa, mjumbe akaingia na habari yake. Vita vimekwisha siku tatu zilizopita. Kutoka mstari wa mbele mzee alitoa sauti isiyo neno, na ukumbi ukaitoa pamoja naye.

Baadaye mwenyekiti wa majaji, mama mmoja mzito wa maneno aliyefundisha tamthilia miaka mingi, alimwita Kantengwa mbele. Alimwuliza wazo la kumweka mzee kati ya watazamaji alilitoa wapi. Mkuu wa shule alikuwa amesimama pale pale akisubiri jibu, na Kantengwa aliliona jibu zuri likining'inia mbele yake kama ndizi mbivu. Angeweza kusema nililipanga.

"Sikupanga, mama," alisema. "Sikumwambia mwisho. Kosa ni langu. Yeye alidhani bado panaombeka."

Yule mama akasema kwamba katika michezo hii ya kale wazee wa mji huimba na kulia, ila hakuna anayenyanyuka, na yeye amekuwa akiwafundisha wanafunzi kwamba hiyo ni kanuni ya sanaa. Leo ameanza kufikiri huenda ilikuwa aibu yao tu. Akawapa nafasi ya tatu, nyuma ya wale wa taji za bati, na Teta mpaka leo anasema walidhulumiwa.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kelele nyuma na ya kimya mbele. Walisimama barabarani kununua mahindi ya kuchoma. Hapo mkuu wa shule alimvuta Kantengwa kando. Macho yake yalikuwa bado mekundu, na aliulaumu moshi wa jiko.

"Mimi nafundisha hesabu miaka ishirini na mbili," alisema. "Hakuna mtu moja naamuka kusema, mwalimu, wacha, hiyo jibu iko baya, badilisha." Akacheka kidogo. "Yule mzee, wewe naleta yeye tena? Kama yeye nakuja, Alhamisi nabaki. Bila yeye, hiyo mchezo ni kama zingine."

Kantengwa alishukuru bila furaha, kwa sababu mzee Rwakabuba alikuwa hajamsemesha mtu tangu Mbarara. Alikuwa ameketi peke yake garini, kofia magotini. Ngoga alimpelekea hindi lililoiva vizuri. Mzee alilipokea, akamshika kijana bega, akaliacha. Hakuwa amemkasirikia yeye. Kantengwa alipanda akaketi kando yake, akaanza kuomba radhi, na mzee akamkata kauli.

"Mama Cyiza. Tangu mwezi wa tatu ulijua ule binti atakufa?"

"Nilijua, muzee."

"Na bale batoto ba kwaya balijua?"

"Balijua."

"Bote munajua," alisema Rwakabuba, "na kila siku munakaa tu munaangalia."

Kantengwa alikuwa na majibu: alijifunza mengi akiwa bweni, na mengine aliwafundisha watu wa Uvira miaka kumi na moja, kuhusu huzuni inayosafisha moyo. Hakuona hata moja la kumwambia mtu yule. Wakafika Base Camp, mzee akashuka, akaenda zake bila kuaga.

Siku tano alizopitia Kantengwa baada ya hapo hakuna haja ya kuzisimulia. Alikwenda kwake mara mbili akaambiwa yuko Ngarama kwa mambo ya ng'ombe. Alimtuma Teta, Teta akarudi na maziwa lakini bila neno. Jumatano alipita sokoni akamwuliza yule wa vitunguu, kama mzaha, kama anapapenda sana pale mahali.

Alhamisi aliwahi darasani, saa nane, ili angalau afute ubao mwenyewe kabla haujajazwa tarakimu za mtu mwingine. Mzee Rwakabuba alikuwa ameketi kwenye dawati la mbele akiwa amevaa koti la harusini, na kwa vumbi la viatu vyake ilionekana ametembea kutoka mbali.

"Muzee, kipindi ni saa tisa," alisema Kantengwa. Sauti ile iliyovuka mabonde ilitoka ndogo.

"Najua. Siku zote munaniita wakati ule mufalme amekwisha kuapa, njo maana maneno yangu haingii." Aliinuka, akaenda akasimama upande wa ndani wa mstari wa majivu. "Leo munaanza mbele ya kiapo, akiwa hajaapa bado. Mimi nitakuwa hapa kando yake, nimushike mukono."

Katika mchezo wa kale hakuna mtu wa namna hiyo. Kantengwa aliweka mfuko wake chini, akasogeza dawati la kwanza ukutani, kisha la pili, ili mzee apate nafasi ya kusimama.